Iache sadaka kwanza: upatanisho ni kazi ya kila Mkristo, tuuzungumze

Mjoli (mleta uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu wasio wa imani hii, amani iwe kwenu, karibuni mchangie.

Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Ukisikiliza mahubiri mengi ya siku hizi, utasikia baraka, uponyaji, kufunguliwa, kuinuliwa. Sina ugomvi na hayo. Lakini kuna agizo ambalo Bwana mwenyewe aliliweka mbele ya ibada, na sisi tumelisukuma nyuma hadi tumelikabidhi kwa wazee wa kanisa, nao wanalishughulikia pale tu watu wanapokaribia kushikana mashati.

Mathayo 5:23-24: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Huwa tunausoma mstari huu harakaharaka. Hebu wafikirie waliousikia mara ya kwanza. Walikuwa Galilaya. Madhabahu ilikuwa moja, nayo ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku tatu hivi kwa miguu. Mtu ametoka kwake na mnyama wake, amelala njiani, ameingia hekaluni, amesimama kwenye foleni, zamu yake imefika. Ndipo anakumbuka kwamba kuna mtu kijijini ana kinyongo naye. Bwana anamwambia mwache mnyama hapo, rudi siku tatu, patana, kisha uje tena siku tatu. Kuhani na watu wote waliokuwa nyuma yake wangemwona kachanganyikiwa. Yesu alijua kabisa anawaambia nini watu wale.

Halafu angalia anayetumwa ni nani. Hapo ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani kwa kawaida aliyekosa. Sasa fungua Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Hapo anayetumwa ni aliyekosewa. Ukikosa, nenda. Ukikosewa, nenda. Ile hoja yetu ya "yeye ndiye aanze" Bwana hakuiachia mahali pa kukaa. Wote wawili wakitii siku moja, watakutana njiani.

La pili, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu naliona zito zaidi. Amani tunayoitiwa haifanani na ukimya. Yeremia 6:14 inawalaumu manabii na makuhani walioliponya jeraha la watu "kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani." Ukiwakalisha watu wawili, ukawaambia wapeane mikono, mkaomba, mkaagana, na aliyedhulumiwa hajapata hata nafasi ya kusema alichofanyiwa, umefunga kidonda chenye usaha.

Someni Mwanzo 32 na 33 taratibu. Yakobo alimwibia kaka yake baraka kwa kumdanganya baba yao kipofu, akakimbia. Miaka 20 na zaidi anarudi. Hatumi salamu za "yaliyopita si ndwele". Anatanguliza mbuzi wake 200 na mbuzi waume 20, kondoo wake 200 na waume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe 40, mafahali 10, punda 30. Anayapanga makundi kwa makundi, na nafasi kati ya kundi na kundi. Kisha yeye aliyepewa baraka ya kuinamiwa na ndugu zake anainama mpaka nchi mara saba mbele ya Esau. Na Esau, aliyekuwa na watu 400 na sababu zote za kulipiza, "akaja mbio kumlaki". Wakalia wote wawili.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, vivyo hivyo. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake ulifika mpaka kwenye mali: nusu kwa maskini, na aliyenyang'anywa arudishiwe mara nne. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Hoja yangu basi ni hii. Tuliopatanishwa na Mungu tumepewa "huduma ya upatanisho" (2 Wakorintho 5:18), na Paulo hakuwaandikia maaskofu peke yao. Aliliandikia kanisa zima la Korintho, kanisa lililokuwa limegawanyika vipande na waumini wakishtakiana mahakamani. Anayejiita wa Kristo amekwisha kuingia kwenye kazi hii, apende asipende.

Karibuni wakuu. Pingeni, ongezeni, ulizeni.

Nuru ya Asubuhi

Amina mtumishi. Nimeusoma wote.

Ila nitasema kitu kama mwanamke. Maneno haya haya ya "msamehe, patana naye, Mungu anachukia kuachana" ndiyo yanayomrudisha dada kwenye nyumba anayopigwa. Nimekaa vikao vya kanisa. Mume analia mbele ya mchungaji, wanaombewa, wanaondoka wameshikana mikono. Mwezi haujaisha dada yuko hospitali. Na akija tena anaulizwa, "Umesamehe kweli kutoka moyoni?" Yeye ndiye anahojiwa. Naomba jibu la Biblia kwa hilo, maana bila jibu uzi wako utatumika kumuumiza mtu.

Mjoli

Dada yangu Nuru, asante. Hilo ndilo nililitarajia na ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Nenda 1 Samweli 24. Mfalme Sauli amemwinda Daudi milimani na watu 3,000. Anaingia pangoni peke yake, Daudi yumo ndani. Daudi anakata upindo wa vazi lake tu, anamwacha hai. Wanatoka nje, Daudi anamwonyesha kile kipande na kumweleza wazi kosa lake. Sauli analia kwa sauti, anamwita "mwanangu", anakiri: wewe una haki kuliko mimi. Ukisoma hapo unasema yamekwisha. Sasa soma mstari wa mwisho wa sura: Sauli akaenda zake nyumbani, lakini Daudi na watu wake wakapanda ngomeni.

Daudi alisamehe. Hakulipiza, na hakulipiza tena sura ya 26 alipomkuta amelala na mkuki wake umechomekwa chini karibu na kichwa. Lakini hakurudi kwenye meza ya Sauli, kwa sababu alishawahi kurushiwa mkuki kwenye nyumba ile. Machozi ya Sauli hayakumtosha kama ushahidi. Na Maandiko hayamlaumu popote kwa kutorudi.

Hata Yakobo na Esau, baada ya kukumbatiana vile, Esau alimwalika Yakobo wafuatane. Hawakufuatana. Mmoja akaenda Seiri, mwingine Sukothi. Walikuja kukutana kumzika baba yao Isaka, na walimzika pamoja. Ule nao ni upatanisho, na Biblia haikuuona pungufu.

Kwa hiyo dada anayepigwa: kusamehe ni kati yake na Mungu na kunaweza kuchukua muda wake. Kurudi ndani ya nyumba ni jambo jingine kabisa, linalosubiri toba yenye matunda, na matunda huonekana kwa miezi na miaka. Dakika kumi za kulia ofisini kwa mchungaji hazitoshi. Kupigwa ni jinai pia, na Warumi 13 inasema mwenye mamlaka habebi upanga bure. Kanisa linalomzuia mtu kwenda polisi kwa jina la msamaha linamkinga mwenye nguvu, na hilo nalisema bila kuzunguka.

Nuru ya Asubuhi

Ubarikiwe. Hilo la Daudi kupanda ngomeni sikuwahi kuliona. Nitalihubiri.

Jiwe la Pembeni

Mleta mada umepanga hoja vizuri, lakini nina mawili.

Moja, Yesu huyo huyo alisema Mathayo 10:34, "Sikuja kuleta amani, bali upanga." Mnaurukaje?

Mbili, historia. Rwanda 1994 wengi wa wananchi walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, wakauawa humo humo ndani. Makanisa yale leo ni kumbukumbu za mauaji ya kimbari. Kama imani hii ni wito wa upatanisho, ilikuwa wapi? Siulizi kwa kejeli, ni jambo linaloniumiza na lilinifanya niache kwenda ibadani kwa muda.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Jiwe, naomba mleta uzi aniruhusu nianze kulijibu hilo la pili, maana nimefundisha historia muda mrefu.

Usilipunguze hata kidogo. Kuna mapadre na watawa waliohukumiwa mahakamani kwa kushiriki. Machi 2017 Papa Fransisko, akiwa na Rais Kagame Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kufika hapo. Ubatizo uliokuwa juu ya kabila haukuonekana siku ilipobidi uonekane.

Lakini vuka mpaka kidogo. Burundi, seminari ndogo ya Buta, tarehe 30 Aprili 1997. Waasi waliingia alfajiri bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale wakakataa kutengana. Wakauawa 40. Walikuwa watoto wa shule. Walimu wao walikuwa wamefanya kazi ya kuwafundisha kuishi pamoja wakati nchi nzima inachinjana kwa kabila, na ile kazi ilionekana asubuhi ile.

Imani ni ile ile na eneo ni lile lile, na miaka mitatu tu imepita. Kilichopishana ni kama mtu alifanya kazi ya upatanisho kabla ya siku mbaya au hakufanya. Mimi ndivyo ninavyolisoma.

Na kuna pale ambapo wakristo walifanya kazi hiyo na vita vikaisha. Msumbiji, serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo walipigana tangu miaka ya 1970, watu wanaokadiriwa kufika milioni moja wakafa kwa vita na njaa. Mazungumzo yakaanza Julai 1990 katika jumuiya ya walei Wakatoliki, Sant'Egidio, mtaa wa Trastevere, Roma. Waliosimamia walikuwa wanne: Andrea Riccardi mwanzilishi wa jumuiya, padre Matteo Zuppi ambaye sasa ni kardinali, askofu mkuu wa Beira Jaime Gonçalves, na Mario Raffaelli aliyewakilisha serikali ya Italia. Hawakuwa na jeshi wala fedha za kumtisha mtu. Ilichukua miezi 27 ya kukaa na watu waliokuwa wakiuana, mpaka Rais Chissano wa Frelimo na Dhlakama kiongozi wa Renamo wakatia saini tarehe 4 Oktoba 1992. Machafuko yamewahi kurudi baadaye, sitaficha, ila vita vile vikubwa vilikwisha pale.

Mjoli

Shikamoo Mwalimu. Umenitoa machozi na habari za Buta.

Ndugu Jiwe, kuhusu upanga. Soma ule mstari na inayofuata: mtu na baba yake, binti na mama yake. Bwana anaeleza kitakachowapata wanafunzi wakimfuata, kwamba watakataliwa hata nyumbani. Upanga ni ule wanaoupokea. Petro alipochomoa wa chuma Gethsemane akaambiwa aurudishe mahali pake, na yule mtumwa Malko akaponywa sikio lake. Kazi ya mwisho ya uponyaji aliyoifanya Bwana kabla ya msalaba ilikuwa kurekebisha madhara ya mfuasi wake mwenyewe aliyedhani anamtetea.

Tena mpatanishi hupata upanga wake. Ukisimama katikati, kila upande unakuona msaliti. Vijana wa Buta waliujua huo.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Niongeze moja niliyosahau, kwa sababu inagusa lile la aliyedhulumiwa kupewa nafasi ya kusema ukweli wake.

Wunlit, Sudan Kusini, Februari na Machi 1999. Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakusanya Wadinka na Wanuer wa ukingo wa magharibi wa Nile, waliokuwa wakiibiana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto kwa miaka. Kabla ya kuzungumzia makubaliano yoyote, kila upande ulipewa muda wa kusema yote uliyotendewa, hadharani, upande wa pili ukikaa kimya na kusikiliza. Kisha wakabadilishana. Siku nzima nzima za malalamiko. Ndipo wakafika kwenye agano, na kurudishwa kwa waliotekwa kukawa sehemu ya makubaliano.

Watu wengi wanaosuluhisha huogopa hatua hiyo ya malalamiko. Wanadhani itachochea. Uzoefu wa pale ulikuwa kinyume chake.

Kalamu Nyeusi

Mwalimu, tukizungumzia ukweli hatuwezi kuacha Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini. Sheria yake ni ya 1995, mwenyekiti Askofu Mkuu Desmond Tutu, vikao vya hadhara vilianza Aprili 1996. Ilikuwa tume ya serikali, lakini Tutu aliifungua kwa sala na alikaa vikaoni amevaa kanzu yake ya kiaskofu.

Naiheshimu, lakini tuseme mapungufu yake. Sheria ilimtaka anayeomba kinga ya kutoshtakiwa aeleze yote aliyofanya kwa sababu za kisiasa. Haikumtaka ajute. Waombaji walizidi 7,000, waliopewa ni sehemu ndogo tu. Na fidia? Tume ilipendekeza waathirika walipwe kwa miaka kadhaa, serikali mwaka 2003 ikatangaza malipo ya mara moja, randi 30,000 kwa mtu. Wajane wengi walisema hadharani kwamba wauaji walipata uhuru wao siku ile ile, na wao fidia yao ikaja imechelewa na imepunguzwa. Ukweli ulipatikana, Zakayo hakuonekana.

Mjoli

Kalamu, sina la kupinga hapo. Maneno "Zakayo hakuonekana" nitayachukua.

Naongeza tu kwamba bila tume ile familia nyingi zisingejua watoto wao walizikwa wapi. Mama anayepewa mifupa ya mwanawe azike amepewa kitu kikubwa. Lakini ndiyo, kukiri bila kurudisha kunaacha deni. Paulo anapomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni haliruki deni: "kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Anaahidi kulipa, kwa mkono wake mwenyewe, naye yuko kifungoni. Mpatanishi anaingia gharama.

Besi ya Pili

Wakuu mmeongelea vita vya nchi, naomba nirudi chini. Kanisani kwetu kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waligombana juu ya urithi wazazi walipofariki. Wote wanaimba besi, safu moja na mimi, mimi nasimama katikati yao. Kitabu cha nyimbo kikihitajika kwa ndugu, kinapitia kwangu. Hawajasemeshana tangu mazishi. Jumapili wanashiriki Meza ya Bwana. Kila mtu anajua na hakuna anayesema kitu. Mimi nifanye nini? Mdogo wa umri kuliko wote wawili.

Mjoli

Besi, ndugu yangu, wewe tayari umewekwa katikati, hata vitabu vinakujua.

Wafilipi 4:2-3. Euodia na Sintike, wanawake wawili waliofanya kazi ya Injili pamoja na Paulo, hawaelewani. Paulo anawataja kwa majina katika barua itakayosomwa mbele ya kanisa zima. Hasemi nani mwenye kosa. Anamwomba mtu wa tatu, anamwita mjoli wa kweli, yaani mtumishi mwenzake, bila kutaja jina lake, awasaidie. Mtu huyo wa tatu ndiye wewe. (Na ndiyo maana nilichagua jina hili la humu.)

Ushauri wangu, upime mwenyewe. Mwendee mmoja mmoja kwanza, faraghani, kwa heshima ya umri wao. Usiende na suluhisho. Mwulize: lilikuumiza nini hasa? Mara nyingi kwenye urithi kiwanja ni nusu ya habari, nusu nyingine ni maneno yaliyosemwa msibani, au nani alimuuguza mama na nani hakuja. Usibebe maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hata mazuri, bila ruhusa. Wakiwa tayari, tafuteni mtu mzima ambaye wote wawili wanamheshimu, na hesabu za mali ziletwe kwenye karatasi. Msifanyie maombi jambo linalohitaji hesabu mkakwepa hesabu. Ombeni, kisha mhesabu.

Na kama mmoja atakataa, Warumi 12:18 inasema, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo alijua si kila mara itayamkinika. Yeye mwenyewe aligombana na Barnaba kwa ajili ya Marko wakatengana, Matendo 15. Miaka baadaye, karibu na kufa, anaandika: mlete Marko, ananifaa kwa utumishi. Hatujaambiwa nani alikwenda kwa nani. Tunajua mlango haukufungwa.

Besi ya Pili

Nimeelewa kaka. Nitaanza na yule mkubwa, Jumamosi kuna mazoezi ya kwaya. Niombeeni.

Jiwe la Pembeni

Nimesoma michango yote. Nilikuja na maswali mawili, la upanga limejibiwa, la Rwanda nadhani haliwezi kujibiwa kwa maneno, ila nimefurahi kwamba hamkulikwepa. Besi, nami nakuombea.

Mgeni Humu

Habari zenu. Nimejiandikisha leo ili niulize tu. Mtu niliyemdhulumu ameshakufa. Nilichukua kitu chake akiwa hai, naye alijua. Siwezi kuacha sadaka nikamwendee. Sasa mimi ndiyo basi?

Mjoli

Karibu sana mpendwa, na pole kwa mzigo huo.

Hapana, si basi. Torati ililiwaza jambo lako. Hesabu 5:6-8: aliyemdhulumu mtu aungame, arudishe kitu kile kwa ukamilifu wake, aongeze juu yake sehemu ya tano. Kisha inauliza, na kama mwenyewe hayupo? Apewe jamaa yake wa karibu. Na kama hana jamaa? Malipo hayo ni ya Bwana, yapelekwe kwa kuhani.

Kwa hiyo huyo mtu ana watoto? Mke, mume, ndugu? Waendee. Usiende ukiwa na wasiwasi wa namna watakavyokupokea, wana haki ya kukasirika, na usiwaombe wakufariji wewe. Sema ulichochukua, kiasi gani, lini. Rudisha na ile sehemu ya tano. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitumie ujumbe wa faragha, tutafute mtu wa kufuatana nawe.

Mgeni Humu

Ana binti. Nakutumia ujumbe sasa hivi.